Kufuli la Nyumba ya Mlimani

Shangazi Mariamu,

Nimeliondoa kufuli. Nakwambia hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitalia nisifike kwenye habari yenyewe.

Tangu tukuzike sikuwa nimeipanda njia ya mlimani. Ningepanda na nani? Unakumbuka likizo zangu za shule, wewe na kapu la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kichwani ukienda kuuza kwa watu wa juu, mimi nyuma nahema? Tulikuwa tukifika kwenye ile nyumba ya mabati ya wapita njia mvua imeshatukamata. Nakimbilia mlango, nawe unanivuta shati: "Tazama kijiti kwanza." Kijiti kikiwa kimepitishwa kwenye pete za mlango kwa nje, ndani hakuna mtu, ingia. Na ndani, pembeni mwa mafiga, kuni kavu za mtu tusiyemjua.

Asubuhi hukuniruhusu kunywa chai mpaka tukusanye nyingine. Za kuanguka tu, si za kukata. Nilinung'unika kwamba tumekuta chache na tunaacha nyingi. Ukacheka: "Weye, ulilala na baridi? Basi nyamaza, beba." Mifuko, maganda, hata kiberiti kilichokwisha, vyote ulivirudisha kapuni.

Ulipoondoka, kila mtu alidhani mwingine anaacha kuni. Zikaisha. Mvua zilipoanza, vijana fulani wa mjini walilala pale, wakakuta kila kitu nje kimelowa, wakaubomoa mlango wakauchoma. Walichomea brosheti za nyama, Shangazi! Chupa zao wakazitupa kwenye mafiga yako.

Shefu wangu, mkuu wa ofisi inayoisimamia nyumba ile, alikasirika, na hapo nilimwelewa. Akatengenezesha mlango mpya, wa mbao nzito. Kisha akautia kufuli, na ufunguo akanipa mimi niuweke kwenye droo yangu, huku Rumonge. Anayetaka kulala mlimani aje kuuomba. Unasikia? Ashuke mpaka ziwani kuomba ufunguo wa nyumba ya mlimani! Niliuona upuuzi huo palepale. Nikasema, "Ndiyo, shefu." Unanijua.

Halafu akaja ofisini Mama Odeta, yule uliyezoea kupanda naye. Kanga imejaa matope, mjukuu wake mgongoni anakohoa. Mvua ya mawe iliwakuta juu, mlango umefungwa, wakalala nje wamejibana ukutani. Hakupiga kelele. Alitazama dari yetu, akatazama sakafu, akanitazama mimi. "Ni weye uko na ufunguo, mutoto wa Mariamu? Ni vizuri. Huku iko kukavu." Wenzangu wakacheka. Nilitamani kuingia ndani ya droo, nikae na ufunguo wangu.

Jumamosi nikapanda peke yangu. Nililifungua kufuli, nikalitia mfukoni, nikazoa chupa zilizobaki, nikakusanya kuni mpaka mgongo ukakataa. Nilipotoka nilipitisha kijiti kwenye pete. Kushuka kote nilikuwa nikipanga Kifaransa cha kumwambia shefu, maneno mazuri, ya heshima.

Jumatatu nililiweka kufuli juu ya meza yake, na Kifaransa chote kikanikimbia. Nikasema kwa Kiswahili chako: "Shefu, mlango ule haukuchomwa kwa kukosa kufuli. Ulichomwa kwa kukosa kuni."

Alinitazama kama mtu aliyesikia droo ikizungumza. "Ukichomwa tena, atajibu nani?"

Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Mimi."

"Na kazi yako?"

"Nayo iko hapo mezani, shefu, karibu na kufuli."

Sijui, Shangazi. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi, mimi ambaye hata kubisha hodi naogopa. Hajanifukuza. Hajanisamehe pia. Amesema atapanda mwenyewe mvua hizi hizi aone, na akikuta nyumba imeharibika, mimi na mlango tutaondoka pamoja.

Na apande! Mama Odeta ameshawaambia wanawake wote wa ndagala: anayelala anaacha kuni, na takataka zake anashuka nazo. Amewaambia kwa mdomo ule wake, kwa hiyo hakuna atakayesahau. Nami kila Jumamosi ninapanda.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Naogopa sasa hivi ninapoandika. Nakuahidi kuni. Shefu akipanda, mvua na imkamate njiani. Simwombei mabaya, imkamate kidogo tu. Atakuta kijiti kwa nje, atasukuma mlango, na pembeni mwa mafiga atakuta kuni kavu za mtu mwingine. Na asubuhi, kabla ya chai, ataacha nyingine. Nitakuwepo kuhakikisha.

Pumzika, Shangazi. Mlango uko wazi.

Mwanao,
Zaina