Lampi Zenye Tulianika

Siku ya ine. Jua kali tangu asubui, upepo hakuna. Kichwa inaniuma.

Niandike mbio, mbele woga irudie.

Minye ninafanyaka kazi ya kuanika ndagala, zile samaki kidogo, za bantu hapa Kimanga. Bwana yangu alikufa, ninakula na mikono yangu tu. Ile wakati ziwa ilipanda, mayi iliingia mu depo, nyumba ya kuwekea bintu, ya patron moja. Iko na duka ya vyombo. Akatuita sisi banamuke bane. Kartoni zake za lampi za solaire, zenye kuwaka na nguvu ya jua, zilikuwa zimelowana zote. Akasema: "Bamama, mufanye tu vile munafanyaka ndagala."

Tukafanya. Tulizitandika juu ya shitingi, ile turubai, tukazigeuza, tukapangusa matope na bitambaa. Siku tatu. Kisha tukaziingiza mu kartoni za mupya. Tulikuwa tunacheka: "Afazali hizi, hazinuke!"

Kwetu, kitu yenye jua imekausha, imepona. Sikujua kama mayi inabakiaka ndani ya batri.

Yeye alijua. Nilimusikia na masikio yangu akiambia muntu wake wa duka: "Uzisha hizi mbio, mbele zianze kuvimba."

Nilisikia. Nikanyamaza, ju alikuwa amenipa kazi ya kufagia depo yake.

Sasa iko wiki mbili, Zawadi, binti ya jirani yangu, aliweka inje lampi yenye ilitoka mu duka ya patron, ichukue jua. Alipoishika, batri ikapasuka. Mukono ya kuume, ile anaandikiaka, iliungua mupaka kwenye kiwiko. Munganga anasema vidole mbili havitakunjika tena.

Niliitazama ile lampi. Mu matundu ya visi zenye zinafunga lampi kulikuwa matope, pale bitambaa yetu haikufika.

Ni minye.

Mama yake alienda kwa patron. Akamujibu: "Mutoto wako aliichezea." Basi mama akaenda kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa yetu, na sisi bajirani tukamusindikiza. Chef akatueleza vizuri: ukiuzisha kitu na unajua iko na ubaya ndani, ile ubaya inakufuata, utajibu mbele ya sheria. Lakini lazima muntu aonyeshe kama ulijua. Akauliza: "Nani anaweza kuonyesha?"

Nilikuwa pale. Nikatazama miguu yangu.

Tangu ile siku ninamupelekea Zawadi uji kila asubui. Uji ya uongo.

Leo nimechoka. Nikaenda kwa patron, nikamuambia nitasema. Akacheka. "Mama Riziki, weye unakulaka wapi? Nani alipangusa zile lampi, ni minye? Tukiingia mu mambo, tunaingia wote." Kisha akanifukuza mu kazi. Wenzangu kwenye ndagala bakasikia, bakaanza: "Eee Mama avoka, wakili ya bantu! Na kanzu yako nyeusi iko wapi?" Bakacheka. Nao balipangusa.

Nikaenda kwa Mama Zawadi. Alikuwa anaosha kidonda. Sikukaa. Nikasema yote: depo, matope, kartoni, maneno ya patron.

Akaweka kitambaa chini. Mutoto alikuwa ananitazama.

"Ulikuwa unatuletea uji hapa, na ulijua?"

"Nilijua, dada."

Akaingia mu nyumba. Nikasema mu roho amemaliza na minye, nikageuka niende. Akatoka na ile lampi imefungwa mu kitenge, akaniwekea mu mikono. "Kesho tunamushitaki patron kwenye parke, ofisi ya mashitaka, weye njo utaibeba. Minye sitaki kuigusa."

Hajanisamehe. Sikumuomba.

Ile lampi iko hapa mbele yangu wakati ninaandika. Kazi kwa patron imekwisha, na kwenye ndagala sijui kama batanipokea. Sawa. Nitabeba mchanga, nitabeba matofali, mugongo ingali iko.

Patron anazani nitaogopa ju minye pia niko na makosa. Ni kweli niko nayo. Lakini makosa yangu haifute yake.

Kesho magistra wa parke ataniuliza kama ninakuja sawa shahidi ao sawa mukosaji. Sikusoma sana, lakini jibu ninayo: andika yote mbili, muheshimiwa. Anza na jina yangu, kisha andika ya patron.