Gari Jekundu Lililobaki Kayanza

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, 22 Juni 2005

Mpendwa kaka Melchior,

Pokea salamu zetu sote. U mzima huko Brussels? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua, lakini Jumapili anafika kanisani kwa miguu yake na hataki kushikwa mkono. Dada yetu Adélaïde amejifungua salama, mtoto wa kike. Unaona, nimekujulia hali kwanza, kama mtu aliyelelewa. Ukiona bahasha ni nzito, subiri, utajua sababu.

Nilifanya ulivyoniagiza. Ulinipigia simu dukani kwa Fatouma ukasema nimefanya kazi sana, Jumamosi nipandishe gari Kayanza kwa mzee Dieudonné, rafiki wa marehemu baba, alitazame, na mimi nipumzike nione milima. Ukasisitiza nivae koti. Nilicheka. Nani anavaa koti kuendesha gari la mbio? Nikavaa.

Unakumbuka siku uliyoondoka mwaka 96? Ile kupe, gari la milango miwili lililoachwa na Mgiriki, ilikuwa bati tupu chini ya turubai, kuku wa Mama wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ukasema mbele ya Mama: ukilifufua, mdogo wangu, ni lako. Miaka tisa, kaka. Risasi zikilia watu walikimbia na magodoro, mimi nilikuwa nasukuma gari. Vipuri nilivitafuta kimoja kimoja. Rangi nyekundu nimepiga mara tatu kwa mkono wangu.

Basi Jumamosi asubuhi, wanajeshi walipofungua barabara, nikapanda. Sikufichi, nililia kidogo. Kona baada ya kona, na kila nikitazama kioo ziwa limezidi kuwa dogo. Wapanda baiskeli walikuwa wameng'ang'ania malori nyuma ili wavutwe juu, nikawapita wote kwa gia ya tatu. Bugarama kulikuwa na ukungu na baridi, na wanawake wa karoti waliliona gari wakapiga vigelegele. Mbele yake ni chai tu, kijani mpaka macho yanachoka. Nikajiambia: kaka yangu ananipenda.

Kwa mzee Dieudonné nilikuta viti vimepangwa uani, wazee wamekaa, mtungi wa pombe una mirija tayari. Nikadhani wana sherehe yao. Nikaegesha, nikafungua boneti, nikatoa kidole cha delko, kile kijipande cheusi kinachogawa moto wa injini, nikakitia mfukoni. Ndivyo ninavyofanya kila ninapoegesha tangu vita, ili mwizi akija asiliwashe. Siku hizi hata sifikirii, mkono unakwenda wenyewe.

Mzee akainuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Ng'ombe tuliyeahidiwa amefika." Wakapiga makofi. Wakaniingiza ndani, na ukutani nikakuona wewe, kaka, umevaa tai, na binti yao Joëlla kando yako na gauni jeupe. Kwa hiyo umeoa. Kwa hiyo mahari ni gari langu, na mimi ndiye niliyeichunga njia nzima bila kujua.

Unajua desturi. Upande wa bibi harusi ukisema, upande wa bwana harusi lazima ujibu, na upande wetu ulikuwa mimi peke yangu na lile koti. Nilisimama. Nilisema kaka yangu amenituma kwa heshima zote, na kwamba Mama anawasalimu. Mama, ambaye hajui kama una mke! Nilikudanganyia vizuri hadi wazee wakanisifu. Nikaweka ufunguo mezani nikatoka, maana barabara inafungwa saa kumi.

Nilirudi juu ya lori la kabichi. Dereva ni Vainqueur, jirani yetu wa Buyenzi, mmoja wa niliowapita asubuhi. "Méthode, gari iko wapi?" akaniuliza. "Asubuhi ulitupita mbio, sasa unarudi umekalia mashu?" Nyumbani Mama naye akauliza, "Mutoto wangu, uliona milima?" Nikasema niliona.

Joëlla simlaumu, wala wazazi wake, wamenipokea vizuri. Ungeniomba hilo gari ningekupa, nikalipeleka mwenyewe nikiimba. Uliniogopa nini? Umenifanya dereva kwenye harusi ya ndugu yangu wa damu. Hilo limeniuma kuliko gari.

Nilipovua koti ndipo nikakikuta kile kidole mfukoni. Wallahi nilisahau, sikukusudia. Juzi mzee Dieudonné amepiga simu kwa Fatouma: gari haliwaki, tafadhali mtume yule fundi mzuri. Fundi haendi.

Adélaïde anakusalimu, mtoto hajapewa jina. Vainqueur anakusalimu, bado anacheka. Mungu akulinde wewe na mkeo, awape watoto wasiofichana mambo.

Kidole nimekifunga kwa kitambaa, kimo humu ndani ya bahasha. Kilete mwenyewe. Ila kabla hujapanda Kayanza pita hapa nyumbani, ukae mbele ya Mama pale pale uliposema gari ni langu, umwambie kwa mdomo wako kwamba umeoa. Mimi nimeshakusemea mara moja, inatosha.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kukupenda hakujanitoka,
Méthode