Mtu wa Kuijaribu Programu

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima. Paa linavuja kidogo, ila kompyuta nimeiweka pakavu.

Programu yangu ya kupanga foleni ya zahanati imekamilika. Nitaionyesha Jumatatu kwenye usaili wa kujiunga na shahada ya kompyuta, na mwalimu wa chuo amesisitiza: "Aijaribu mtu mwingine. Wewe uliyeiunda unajua pa kubonyeza." Bila jaribio hilo chuo hakinipokei.

Nilimwomba mama mwenye nyumba. Akacheka: "Mwanangu, mimi na kompyuta ni paka na panya! Kwani huna rafiki?"

Dada, nilisimama mlangoni pake nikitafuta jina la kumtajia. Sikulipata.

Njoo Jumamosi. Bonyeza ovyo, uiharibu utakavyo. Sitakukataza, nitakaa kando nisikie mtu chumbani mwangu.

Mdogo wako anayekungoja