Kanisa la Watu Watatu

Mapendo, Goma, 6 Februari 2023

Niyigena,
Pokea salamu. Magoti yananisumbua, mengine yote mazima. Wewe je, baridi ya Ugiriki haijakumaliza?

Picha zako nimeziona. Kumbe ni kweli! Uliacha masomo ya uuguzi ukaenda Ulaya kuosha ukuta kwa pamba. Wakiniuliza kule Birere unafanya nini, nawaambia bado unatafuta kazi.

Sasa sikiliza. Komite ya kanisa letu imenipa ukuta wa nyuma ya altare niuchore, mimi niliyezeeka nikichora vibao vya saluni na vichwa vya mbuzi vya wauza nyama! Nisipomaliza kabla ya Pasaka, Gauthier, yule kijana wa mashine ya kuchapisha, ataning'iniza hapo bashi yake, turubai la maua. Uso nitauficha wapi? Yule muzee wa kwenye picha, aliyebeba kanisa dogo mikononi, ni mutakatifu gani?

Aliyekuzaa, Habarurema

Ugiriki, 14 Februari

Papa mupenzi,
Niko muzima, ila vidole vinaganda. Pole na magoti.

Kanisa hili la watawa ni la zama za Bizanti, lina miaka mia nane. Moshi wa mishumaa umefunika michoro yake, ndio nautoa polepole kwa pamba. Wiki nzima nimemaliza sikio moja.

Huyo si mutakatifu, ni tajiri aliyelijenga. Walimuchora akimukabidhi Yesu kanisa lake. Papa, nakuomba, komite wasiione hiyo picha!

Mutoto wako, Niyigena

Mapendo, 2 Machi

Niyigena wangu,
Afya iko, akili ndiyo imeisha. Umechelewa kunionya.

Sibomana wa komite, aliyetoa mabati ya kanisa, ameiona. Kesho yake akaja na koti la harusi, amebeba boksi la sabuni kwa heshima zote: "Nichore hivi." Nikamuchora. Bagalwa akapiga kelele kwamba simenti ilikuwa yake. Mama Nyiramahirwe, wa mchanga, ameleta kiti chake mbele ya ukuta na haondoki mpaka naye apewe kanisa. Padiri amesema wasipopatana, anapaka chokaa kila kitu.

Wewe unayejua kuta, nisaidie.

Papa Habarurema

Ugiriki, 9 Machi

Papa,
Salamu, na samahani, nimecheka mpaka nikateremshwa ngazini. Hapa, kwenye ukuta mwingine, bwana na bibi wameshika kanisa moja, kila mutu upande wake. Wape wote lilelile, kila mutu pembe yake.

Mutoto wako

Mapendo, 10 Aprili

Mwanangu,
Pasaka njema! Hata magoti yamecheza.

Ukutani wote watatu wamelibeba kanisa kama kabati siku ya kuhama. Mama Nyiramahirwe analalamika kwamba pembe yake ndiyo nzito. Lakini pembe ya nne ilibaki hewani, kanisa likaonekana linaanguka. Nikamuchora hapo musichana, mukono mumoja umeshika kanisa, mwingine pamba.

Padiri akauliza mbele ya watu wote, "Na huyu alitoa nini?" Nikasema, "Ni mutoto wangu. Anatunza kuta za miaka mia nane, na bila yeye mungekuwa mnagombana hadi sasa." Walipiga makofi, nikalia. Siku hizi Birere naitangaza kazi yako hata kwa wasioniuliza.

Mishumaa imeshaanza kumutia Sibomana moshi puani. Kuja na pamba yako, nataka nikuone ukifanya kazi.

Papa yako