Nani Aliondoka na Mkoba Wako

Mama,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa mazoea tu, maana tangu uondoke hakuna wa kuniitikia marahaba kwa ile sauti yako ya kuvuta, kama unanionea huruma. Nimekaa kibarazani kwetu Bigwa, mchana huu, kompyuta mapajani. Mboga zako za chainizi zimeota maua kwa kukosa mtu wa kuzichuma. Kesho ni arobaini yako, na mpaka jana nilikuwa nimejiandaa kumuumbua Mjomba Kibwana mbele ya watu wote.

Ndiyo, kaka yako wa tumbo moja. Usinikasirikie kwanza, nisikilize.

Siku ya msiba mkoba wako mweusi ulipotea. Mle mlikuwa na simu yako, miwani yako, na ile karatasi ya shamba la mlimani, shamba la bibi, ambalo kwetu linakwenda kwa mtoto wa kike na mjomba ndiye msimamizi. Sasa niambie wewe, nani mwenye haja na karatasi hiyo? Ufunguo wa chumba chako alikuwa nao nani? Nilipomuuliza alitazama paa, akasema, "Kamwombe radhi mtani wako kwanza, mengine yatafuata." Mtani! Mimi naulizia mkoba, yeye ananiletea habari za watani. Nikajua huyu ananipiga chenga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchunguza. Akija na kikapu, nachungulia. Akipokea simu akasogea pembeni, na mimi nasogea, najifanya naanua nguo. Hii tabia umenipa wewe. Sokoni hukuwahi kununua tenga la nyanya kwa kulitazama tu. "Za juu wamezipanga, Zena. Ingiza mkono mpaka chini." Wauza nyanya walikuwa wakikuona unakuja wanaguna.

Na chuoni nako nimepewa kazi ya kushuku. Unakumbuka nilivyokueleza habari za ule mtambo wa Ulaya, uliochimbiwa chini ya ardhi, wanakogonganisha chembe ndogo kuliko vumbi? Ukaniuliza, "Na zikishagongana, zinaliwa?" Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Basi, sehemu ya data zake wameziachia watu wote, ndizo ninazojifunza kuzisoma hapa kibarazani. Chembe zikigongana, vipande vingi vinafyatuka kwa pamoja kuelekea upande mmoja. Fungu hilo tunaliita jeti. Na kwa kuwa chembe zenyewe zilikuja uso kwa uso, hakuna kilichokuwa kikisukuma kwenda pembeni, basi misukumo ya pembeni ya mafungu yote lazima ifutane. Ni kama ulivyokuwa ukipasua boga juu ya jiwe: vipande vikiruka kushoto peke yake, utauliza vya kulia viko wapi. Kinachopungua ndicho tunachokiita msukumo uliopotea. Huenda kuna chembe imepita na vipimo havikuiona. Huenda ni chembe ambayo hakuna binadamu anayeijua bado.

Wiki hii nikapata mgongano wa namna hiyo. Jeti kubwa upande mmoja, upande wa pili kimya kabisa. Nikamtumia Dada Neema, mwalimu wangu, nikidhani atapiga vigelegele. Akanijibu mstari mmoja: "Kabla hujamshuku asiyeonekana, niambie wewe umetupa nini."

Nilikasirika. Mimi nimetupa nini? Jana nikaanza kuipitia programu yangu mstari kwa mstari, kwa ubishi tu, ili nimwonyeshe. Nikaukuta mstari wenyewe juu kabisa. Nilikuwa nimeweka chujio la kuondoa jeti zilizoonekana mbovu, nikijua nyingine ni kelele tu za vipimo, na nilikuwa nimelikaza kupita kiasi. Jeti ya upande wa pili ilikuwepo, nzima, kubwa. Niliitupa mwenyewe kabla sijaanza kazi, kisha nikakaa natafuta mwizi.

Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika, Mama. Nikamkumbuka Bi Tatu, mtani wetu.

Siku ile nilitoka chumbani macho yamevimba, nikamwona kwa nyuma mwanamke amejifunga kanga yako, anachechemea kama wewe, mkono kiunoni, anawafokea wapishi, "Nyie, hii chai mmeipika au mmeiombea dua?" Watu wanacheka. Wanacheka, na wewe bado umelala ndani hujazikwa! Nikapandwa na wazimu. Nikamsukuma mpaka nje ya uzio, nikamwita mchawi. Wala sikumtazama amebana nini kwapani.

Mimi, mtoto wa Kiluguru, nisijue kazi ya mtani wa ukoo msibani? Anamwigiza marehemu, anabeba vitu vyake, na havirudi mpaka wafiwa wavikomboe kwake. Najua tangu utotoni. Na Mjomba aliniambia, kwa mdomo wake, nikalichuja neno lake kama kelele. Siku thelathini na tisa namwita mwizi moyoni mwangu.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Tatu na yule jogoo wako mwekundu, mgomvi, amenidonoa njia nzima. Nikapiga magoti mlangoni. Bi Tatu akampokea jogoo, akasema, "Ulinifukuza sijamaliza kumlilia mama yako. Nimekaa na kilio changu kifuani siku zote hizi." Akaingia ndani, akanitolea mkoba.

Naona aibu kukwambia, lakini niliufungua palepale nikakagua. Karatasi ipo. Simu ipo. Miwani hakuna. Nikainua uso ili nimuulize, tayari nimeshamshuku tena, na kumbe ameshaivaa. Imemshuka puani kama ilivyokuwa ikikushuka wewe. Akashika kiuno, akachechemea kunijia, akasema, "Zena! Umeingiza mkono mpaka chini?"

Ilikuwa sauti yako, Mama. Nilicheka, kisha nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya kaburi, na yeye akalia na mimi pale chini mpaka majirani wakaja.

Kesho nitasimama mbele ya watu, na nitakayemtaja ni mimi. Nitamwomba Mjomba radhi, na yeye akitaka kutazama paa, atazame tu. Chujio nimelilegeza, nitaanza upya Jumatatu. Lala salama, Mama yangu. Miwani nimemwachia Bi Tatu, aje nayo amalizie alipoishia, na nakuahidi mlango nitamfungulia mwenyewe. Ukisikia watu wanacheka nyumbani kwako, usishtuke, mimi ndiye niliyewaruhusu.

Mwanao,
Zena