Mafiga Sita

Jumatatu, 2 Julai 1979

Maharage yameungua tena. Kuni mbichi, moshi umejaa nyumba nzima. Adela amekohoa mpaka akatapika maziwa. Basi. Jiko linatoka nje.

Nimechora chini kwa kijiti, nyuma ya nyumba. Ukuta wa udongo unaofika kiunoni, upande unakotoka upepo. Paa la nyasi juu ya nguzo nne, lisiwe chini sana likashika moto. Upande wa bondeni wazi, moshi upate njia. Kichanja cha vyungu. Mafiga matatu yakae mahali ambapo nikiinua macho namwona mtoto. Adela akatambaa juu ya mchoro, akafuta wote. Nikachora tena.

Baba Adela angekuwepo angekata nguzo. Alikwenda vitani mwaka jana, mtoto mchanga bado. Vita imekwisha, wanasema. Yeye hajarudi.

Jumatano, 4 Julai

Shamba la kijiji mpaka mchana. Mgongo umekufa. Narudi, namkuta mama mkwe amesimama kwenye mchoro wangu na Masanja, yule fundi Msukuma aliyehamia hapa Kirushya kutoka Shinyanga. Wanapima kwa kamba. Sikuwaita.

Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, akasema, halafu: "Umelichora dogo. Wanawake wawili hawatatosha hapa."

Wanawake wawili wapi? Sikuuliza. Najichukia kwa kutouliza.

Ijumaa, 6 Julai

Kisimani wanasema askari mmoja wa kijiji cha pili amerudi na mke wa huko Uganda. Mmoja akanichokoza: "Mama Adela, fagia uwanja, na wewe utaletewa mdogo wako!" Wakacheka. Nikacheka nao. Maji yalinimwagikia njia nzima.

Nyumbani nguzo zimekuwa sita. Masanja ameleta na mawe. Sita pia. Mafiga matatu ni jiko moja. Sita ni majiko mawili. Kila mke na jiko lake, hilo hata mtoto analijua.

Na mama mkwe anasuka mkeka mpya. Nikisogea, anaukunja.

Jumapili, 8 Julai

Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa ndani nanyonyesha, wao nyuma ya ukuta. Masanja hajui Kihangaza, lugha yetu, kwa hiyo mama mkwe huongea naye Kiswahili. Akamwambia: "Mwanangu ameleta neno, amempa mwenzake wa jeshini. Anataka nimtafutie mahari ya jiko jipya kabla hajafika."

Mahari. Ya jiko jipya. Mwanamume akisema jiko anasema nini kama si mke? Sisi wenyewe huwa tunasema fulani kapata jiko, tukacheka.

Kumbe mimi nachora, wao wanamjengea mwenzangu. Juu ya mchoro wangu! Nina hasira mpaka maziwa hayatoki vizuri. Adela analia, mimi namwimbia. Yeye hana kosa.

Sitagombana. Sitalia mbele yao. Lakini kupika bega kwa bega na huyo mtu, hapana. Tunarudi kwetu Murusagamba, mimi na mtoto.

Jumatatu, 9 Julai

Asubuhi niling'oa mafiga yangu ya ndani, niliyopikia tangu niolewe. Simwachii mtu. Mtoto mgongoni, mawe matatu kwenye kikapu kichwani. Shingo inazama. Sikufika hata barabarani, mama mkwe akanikuta.

"Unakwenda wapi na mawe, mwanangu? Kwenu mawe yamekwisha?"

Nikamwambia yote pale pale njiani, kwa Kihangaza. Mahari, mkeka, mawe sita. Alinitazama. Akakaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka machozi, mimi nimesimama na kikapu kichwani.

"Ningetaka kusema inkwano, ile ya kuolea, nisingesema mahari ya ng'ombe? Nilimwambia Masanja mahari. Mahari ya kujenga!" Akapiga ardhi kwa kiganja. "Hapa! Mahari!"

Mahali. Alitaka kusema mahali. Angesema "pa jiko" ningejua, alisema "ya jiko". Shuleni tulichapwa kwa ajili ya l na r, na mama yangu mzazi mpaka leo anasema "njoo ure chakura". Nimekulia humo humo. Hofu ilinisahaulisha.

"Na huyo mke wa pili angekula nini hapa? Moshi?" akasema mama mkwe.

Huyo mwenzake mumewangu wa jeshini alipita nikiwa shamba la kijiji. Neno lilikuwa hili: Mama Adela atafutiwe mahali pa jiko nje, kwa ajili ya kifua cha mtoto. Basi.

Nikauliza mafiga mengine matatu ni ya nani. Hapo akaacha kucheka. Ni yake. Jicho moja halioni vizuri, anaogopa kuwasha moto peke yake kule nyumbani kwake. Aliona haya kuniomba. Akaona ajenge kwanza. Na mkeka ni wa mwanawe. Anauficha kwa sababu anaona ukisifiwa kabla hajafika, hatafika.

Nikamwambia: "Mama, siku nyingine niulize."

"Na wewe uniulize," akasema. Akanitua kikapu.

Alhamisi, 19 Julai

Tumepika nje. Moshi unashuka bondeni. Mama mkwe upande wake, mimi wangu. Yeye amemenya ndizi, mimi nimeonja chumvi vyungu vyote viwili, maana yeye huzidisha. Adela amekaa chini, ameegemea ukuta, anapiga kifuniko. Hajakohoa leo.

Figa langu moja linacheza. Ni moja la yale ya ndani niliyoyang'oa kwa hasira, limevunjika pembe. Nimelitilia kigae chini.

Mkeka umeegemea ukuta, umekunjwa. Bado hajafika.