Chai ya Wifi kwenye Pakiti ya Mume

"Bidhaa iliyoandikwa jina la supamaketi ni makapi ya kiwandani, na anayempa mgeni makapi hamtaki huyo mgeni." Maneno hayo si yangu, Mungu aniepushe nayo. Ni ya mwanamke mmoja mwenye duka pale Karatu mjini. Utakutana naye kwenye barua hapa chini, na kabla ukurasa haujaisha nitakuwa nimemwonyesha kwamba amekosea nusu, na kwamba kaka yake anayembishia amekosea nusu iliyobaki. Majina ya watu na ya supamaketi nimeyabadilisha. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuja, maana mwandishi wa barua hii hapumui na sikuona pa kumkata.

*

Shangazi Scholastika, shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni na mlango nimeufunga kwa ndani, naomba unishike mkono kwa sababu nimejifunga kamba mwenyewe na kujifungua siwezi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Ganako, mimi ni Mwiraqw wa huku huku na mume wangu Elisaria ni mtu wa Machame, dereva wa watalii, mwanamume mzuri sina lawama, ila tangu ile supamaketi ya Bonde ifunguliwe mjini amekuwa kama mtu aliyeokoka mara ya pili, kila akishusha wageni anapitia huko na kurudi na mifuko, na kila kilichomo kimeandikwa Chaguo la Bonde, maana wanabandika jina lao wenyewe kwenye bidhaa na kuziuza bei ya chini, na kila akinunua anapata pointi kwenye kadi, anasema zikijaa atapewa jiko la gesi.

Tulianza na sukari, chumvi na unga wa ngano, nami nikafurahi kweli kwa sababu maandazi yaliumuka vizuri, halafu ikaja dawa ya meno inayobaki mdomoni kama chokaa, vikaja viberiti vinavyovunjika kabla ya kuwaka, ikaja sabuni ya unga inayotoa povu mpaka mlangoni lakini shati la shule likikauka kola ni nyekundu vilevile, na vumbi letu unalijua Shangazi, na juzi amerudi na maharage, pakiti za maharage, kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha unaona maharage, nikamuuliza, "Baba Nehemia, hata haya?" akasema, "Mama Nehemia, wewe unalipia majina. Nimezunguka kreta na Mholanzi, ameniambia kwao hata daktari ananunua chenye jina la duka."

Sasa mume wangu ana dada yake mkubwa, Judith, ana duka la jumla karibu na stendi, na siku moja alikuja kutusalimia akaishika pakiti ya chai kwa vidole viwili kama anashika panya, akasema, "Kaka, ndiyo unawapa watoto hii? Hata jina haina."

"Jina lipo. Chaguo la Bonde."

"Hilo ni jina la duka, si jina la chai. Na mimi nikiandika Judith kwenye gunia la pumba, litakuwa unga?"

"Andika tu dada, utauza. Wateja wako wananunua chochote chenye maandishi."

"Ukarimu wa kwetu umeuacha wapi wewe?"

"Nimeuacha dukani kwako, ulikuwa bei ghali."

Hapo ndipo wifi akasema kwamba vyenye jina la supamaketi ni makapi ya kiwandani, na anayempa mgeni makapi hamtaki huyo mgeni, na kesho yake akaniletea kopo la chai kutoka dukani kwake, ile yenye jina kubwa, akaniambia, "Martha, nikija hapa nipikie hii tu," na mume wangu jioni akaliona kopo akasema, "Hilo halifunguliwi ndani ya nyumba yangu," basi mimi nikaona chai ya watu itaharibika bure, nikaimimina kwenye pakiti ya Chaguo la Bonde anayokunywa mume wangu, iliyokuwa imekwisha, ili iishe kimya kimya, kopo likabaki tupu, na wifi akapita ghafla Jumapili baada ya ibada, ningefanya nini, nikafungua pakiti mpya nikajaza kopo chai ya Bonde nikampikia, akanywa, akasema, "Umeona? Hii inashika ulimi. Kaka yangu angekunywa hii angeacha ujinga," akafurahi akaleta kopo lingine, na hilo nalo nikalimimina kwenye pakiti ya mume, na hadi leo ndivyo tunavyoishi, mume anakunywa chai ya dada yake anafumba macho anasema, "Chai ni chai, Mama Nehemia, dada anauza makopo," na wifi anakunywa chai ya Bonde na kuisifia, na mimi nimesimama katikati na chupa ya chai naangalia chini.

Ningeendelea hivyo hata miaka, ila kipaimara cha mtoto wetu Nehemia kimefika, na mama mkwe wangu, Mama Elieshi, anatoka Machame na miguu yake inayovimba, hajawahi kufika nyumba hii tangu tujenge, na mume wangu ametangaza kwamba wageni watakula na kunywa Chaguo la Bonde tupu na pakiti zitapangwa mezani ili watu wajifunze, na Judith amesema akiona pakiti moja tu anampakia mama kwenye gari saa ileile na hawatakaa, na mume wangu akajibu, "Aende," na baadaye wakakubaliana jambo baya zaidi, kwamba zitapikwa chai zote mbili za rangi na mchungaji ataonja na kuamua, na mimi najua kilichomo kwenye kopo na kilichomo kwenye pakiti. Mama mkwe amenipigia simu akasema, "Mwanangu, nakuja kumwona mjukuu wangu, niandalie tu pa kunyoosha miguu," nimekata simu nikalia. Shangazi, niambie ni vitu gani vya jina la duka vinafaa na vipi havifai ili nipike bila aibu, na je, niseme ukweli au nimwage chai yote niwape watu uji? Tafadhali jina langu lisionekane.

Mimi, mama wa Ganako.

*

Mama wa Ganako, jina lako nimelibadilisha kama ulivyoomba. Lakini umeniandikia dereva wa Machame, mke Mwiraqw, dada mwenye duka stendi na kijana wa kipaimara. Hapo ulipofika hukuhitaji jina, ulibakiza picha tu. Mtu wa kwanza wa Ganako kulifungua gazeti hili ameshacheka na ameshapiga simu. Kwa hiyo lile swali la kusema au kutosema limeshajibiwa na mtambo wa kuchapa. Ukitaka siri, usimwandikie Shangazi.

Pole. Nasema pole mara moja, kwa sababu nusu ya balaa hili umelipika wewe. Mwanamke mzima, mama wa kijana anayekwenda kuwekewa mikono kichwani, unajifungia jikoni kuhamisha majani ya chai kama mtu aliyeiba kuku. Ulitafuta amani, naelewa, na wanawake wengi wanaosoma hapa wamefanya mabaya zaidi kwa amani ndogo zaidi. Ila amani ya kumficha kila mtu anachokunywa huishia hapo ilipokufikisha, mbele ya mchungaji na vikombe viwili.

Tuje kwa Judith na makapi yake. Supamaketi haina shamba la miwa. Haina kinu. Inakwenda kwa mwenye kinu kama anavyokwenda mwingine yeyote, inanunua mzigo, inabandika karatasi yake. Mara nyingi kiwanda kilekile kinafungasha asubuhi kwa jina moja na mchana kwa jina lingine, na sukari haijui imeitwa nani. Tofauti ya bei ni matangazo, mabango na fulana za bure. Anayesema kila chenye jina la duka ni makapi hajaonja, au ana sababu ya kusema hivyo. Judith anayo sababu, maana rafu za duka lake zimejaa majina makubwa, na supamaketi iko karibu kuliko anavyopenda. Sitamlaumu mfanyabiashara kwa kutetea mkate wake. Namlaumu kwa kuuita mkate huo ukarimu. Na kwa suala la chai, ulimi wa Judith umeshatoa ushahidi dhidi ya mdomo wa Judith, Jumapili baada ya Jumapili.

Elisaria, usitabasamu. Wewe hujashinda chochote. Umefumba macho ukasifia chai ya duka la dada yako kwa wiki zote hizo, ukidhani ni ya Bonde. Huna ushahidi hata wa kijiko kimoja. Na huyo Mholanzi wako amekueleza nusu ya habari. Kwao mtu akinunua sabuni isiyosafisha anairudisha dukani na kudai hela yake, na duka linajua atarudi, ndiyo maana linaogopa kuuza ovyo. Wewe umerudisha kiberiti lini? Hujarudisha. Umekaa na kiberiti kibovu ukihesabu pointi za jiko la gesi, wakati mkeo anavunja njiti na kupuliza kuni. Hiyo ni bahati nasibu, usiite kubana matumizi.

Sasa Mama, chukua kapu. Mimi mwenyewe ninanunua vya jina la duka na sioni haya. Sukari, chumvi, unga wa ngano, hamira, tambi: chukua vya bei ya chini ulale usingizi, ukishaangalia alama ya ubora na uzito, kwa sababu kuna mafundi wa kupunguza pakiti badala ya bei. Karatasi za chooni chukua, ila bonyeza kwanza. Ukiona vidole vyako vinakutana katikati, rudisha, umeuziwa hewa. Chai, kwa ushahidi wa wifi yako, inapita.

Kitu kinachotakiwa kufanya kazi, kama sabuni, kiberiti, betri na dawa ya meno, usikiamini kwa maandishi, liwe jina la duka au la mfalme. Nunua kimoja, kipe kazi. Sabuni ya Elisaria ilipewa kola yenye vumbi la Karatu ikashindwa. Povu lilikuwa maonyesho. Isirudi nyumbani kwako, na shati jeupe la Nehemia lifue kwa sabuni ya mche kama mama yako alivyofua. Nyanya ya kopo geuza usome nyuma. Kinachotajwa kwanza ndicho kilichojaa, na ukikuta kinachotajwa kwanza ni maji, usibebe maji kutoka mjini. Asali iliyoandikwa sukari popote iache hapohapo, ni sharubati.

Na maharage. Hapa niliiweka barua chini nikatembea kidogo. Maharage ya Ganako yanavunwa Ganako, yanauzwa kwa dalali haraka haraka, yanapanda lori, yanapepetwa, yanavalishwa pakiti, yanarudi Karatu yamepandishwa cheo, na dereva wa Ganako anayabeba nyumbani kwa furaha kwa sababu amepata pointi. Wakoloni walituuzia vya kwetu kwa bunduki. Bonde inatuuzia kwa kadi. Maharage, mahindi, vitunguu, asali na kahawa, mtu wa Karatu anayevinunua kwenye pakiti, ya jina kubwa au dogo, ajitafakari. Pita kwa jirani yako na debe.

Kuhusu shughuli yenyewe. Hakuna pakiti itakayokaa mezani, wala kopo. Chakula kinakwenda mezani ndani ya bakuli na sinia, hakuna mgeni aliyekuja kusoma maandishi. Hakuna kuonja mbele ya mchungaji pia. Mwambie Elisaria kwamba mchungaji amealikwa kuombea mtoto, na kwamba ukiona vikombe viwili vimewekwa mbele yake utaviondoa mwenyewe. Ukisema hivyo, usiangalie chini. Umeangalia chini vya kutosha.

Kisha chukua kopo na pakiti, mimina vyote viwili kwenye sufuria moja kubwa, maziwa mengi, tangawizi, ichemke mpaka ishike rangi. Usifiche. Fanya hivyo wakiwa wamesimama hapo jikoni, mume na wifi, wakikutazama. Useme hivi: "Nimewanywesha kinyume, nilikosea, basi. Leo tunakunywa moja." Usiongeze neno. Ukiongeza maelezo watapata pa kushika na ubishi utaanza upya.

Namalizia na ninyi wawili, Judith na Elisaria, maana najua ukurasa huu umeshawafikia na sasa hivi mnatafutana kwa simu. Simu hiyo isiwe ya kulaumu mke wa mtu. Mama yenu anapanda gari na miguu iliyovimba kutoka Machame, na hajauliza hata mara moja atakunywa chai gani. Judith, siku hiyo ufike mapema, ufunge kitenge, umenye ndizi na wifi yako, na gari lako ulipaki mbali, kusudi hata hasira ikikupanda uchoke kulifuata. Elisaria, chupa ya chai uishike wewe. Kikombe cha kwanza mpe mama yako, cha pili mpe dada yako, kisha ukae kimya. Judith, unywe, ukimaliza umwombe kaka yako akuongeze.